Ardhi Ile Ina Wenyewe: Kitabu cha Mormoni Mbele ya Akiolojia

Hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye mkutano wa chama cha wanafunzi wa historia, Dar es Salaam. Wengi walikosa nafasi ukumbini, wakaomba niiweke hapa yote.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu mlioacha shughuli zenu mkaja, na ninyi wanafunzi mliokaa sakafuni kwa kukosa viti: Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleikum, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie Kitabu cha Mormoni na akiolojia. Najua humu ndani wamo waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi tunawaita Wamormoni. Karibuni sana. Kanisa lenu si geni tena kwetu. Mna hekalu Kinshasa tangu 2019 na Nairobi tangu 2025, na wale vijana wenu wanaotembea wawili wawili, shati jeupe na kibao cheusi cha jina kifuani, tunawaona mitaani. Ninayoyasema leo nayasema mbele yenu, nikitaka mnijibu. Kumsema mtu wakati hayupo si ungwana.

Kwanza, kitabu chenyewe kinadai nini? Mwaka 1827, kijana wa shamba katika jimbo la New York, jina lake Joseph Smith, alisema malaika Moroni amemkabidhi mabamba ya dhahabu yaliyozikwa kilimani, karibu na kwao. Machi 1830 kitabu alichosema ni tafsiri ya mabamba hayo kikachapwa katika mji mdogo wa Palmyra. Kinasimulia familia ya mtu aitwaye Lehi, waliotoka Yerusalemu miaka 600 hivi kabla ya Kristo, wakakata jangwa la Arabuni, wakaunda chombo, wakavuka bahari hadi Amerika. Huko wakaongezeka, wakagawanyika Wanefi na Walamani. Wakajenga miji, wakafua chuma, wakapanda ngano na shayiri, wakawa na farasi na magari ya kukokotwa. Kristo aliyefufuka akawatembelea. Kisha, kama mwaka 385 baada ya Kristo, Wanefi wakamalizwa vitani kwenye kilima cha Cumorah. Kitabu kinataja vikosi 23, kila kimoja watu elfu kumi. Pigeni hesabu wenyewe: watu 230,000.

Sasa nawauliza. Masimulizi yenye mahali, yenye tarehe, yenye idadi ya maiti, je, ni dhambi kuuliza mahali hapo ni wapi? Ni matusi kuuliza mifupa iko wapi, panga ziko wapi, miji iko wapi? Si matusi. Na waliolibeba swali hilo kwa uzito kuliko wote ni Wamormoni wenyewe.

Nianze na mmoja wao, ambaye mimi namheshimu mno. Thomas Stuart Ferguson alikuwa mwanasheria wa California na Mmormoni kindakindaki. Mwaka 1946 alikwenda Mexico kutafuta nchi ya Wanefi, na hakuiacha kazi hiyo tena. Mwaka 1952 akaanzisha taasisi ya uchimbaji, New World Archaeological Foundation. Hakuijaza ndugu wa kanisani peke yao. Alimwendea Alfred Kidder, mmoja wa wanaakiolojia wakubwa wa Marekani wa zama hizo, ambaye hakuwa Mmormoni, naye akakubali kusaidia. Kuanzia 1955 kanisa likatoa fedha nyingi, na kazi ikapamba moto katika jimbo la Chiapas, kusini mwa Mexico. Wachimbaji wakaagizwa wafanye kazi ya kisayansi tu, ripoti zao zisichanganywe na Kitabu cha Mormoni. Nasema kwa dhati, huo ulikuwa uungwana. Ferguson hakuogopa, kwa sababu aliamini udongo ungemuunga mkono.

Na udongo ulitoa vitu! Pale Chiapa de Corzo walipata majengo, makaburi, vyungu, viwanja vya ibada, maisha ya watu walioishi karne nyingi kabla ya Kristo. Hadi leo, msomi anayeishughulikia Chiapas ya kale hawezi kuziruka ripoti za taasisi ile. Lakini watu waliotoka udongoni hawakuwa Wanefi. Farasi wa kipindi hicho hawakuonekana. Ngano haikuonekana. Mahali pa kuyeyushia chuma hapakuonekana. Herufi za Kiebrania au za Kimisri hazikuonekana.

Likaja jambo la pili. Joseph Smith alikuwa amenunua mafunjo ya Kimisri mwaka 1835, akasema yamo maandishi ya Ibrahimu, na maandiko aliyoyatoa humo, Kitabu cha Ibrahimu, yakaingia katika maandiko matakatifu ya kanisa. Ilidhaniwa mafunjo yote yaliteketea katika moto wa Chicago wa 1871. Mwaka 1967 ikatangazwa kwamba vipande vyake vimekutwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Ferguson akapeleka picha zake kwa wasomi wa maandishi ya Kimisri wa chuo kikuu cha Berkeley, California. Jibu lao likawa kwamba hizo ni sala za mazishi za Wamisri, wala Ibrahimu hatajwi. Kanisa lenyewe, katika maelezo lililotoa mwaka 2014, limekubali kwamba vipande hivyo havilingani na maneno ya Kitabu cha Ibrahimu. Kuna watetezi wanaosema sehemu yenye maneno hayo ndiyo iliyopotea, na wengine wanasema mafunjo yalikuwa kichocheo tu cha ufunuo.

Mwaka 1975 Ferguson aliandika waraka akakipima kitabu kwa mambo manne: mimea, wanyama, madini na maandishi. Kila jambo akalisimamisha peke yake, akauliza ardhi imetoa nini, na kwa yote manne akakiri kwamba ushahidi haupo. Hakutoka kanisani. Aliendelea kuhudhuria na ndugu zake mpaka alipofariki mwaka 1983. Naomba tusimwite msaliti, wala tusimgeuze shujaa wa wapinzani. Mtu yule alitaja kipimo chake kabla ya kuchimba, kisha majibu yalipokuja hakukibadilisha. Ni wangapi kati yetu tungeweza?

Watetezi wa kitabu hawakunyamaza, na haki inataka tuwasikilize wakiwa katika ubora wao. Wanasema matukio hayakuenea bara zima, yalitokea katika eneo dogo. Msomi wao John Sorenson aliliweka kwenye shingo ya nchi ya Tehuantepec, Mexico. Wanasema Lehi aliwakuta wenyeji wengi, watu wake wakamezwa humo, ndiyo maana hawaonekani. Wanasema huenda “farasi” lilikuwa jina walilompa mnyama mwingine, labda tapiri, mnyama wa msituni wa huko. Wanakumbusha kwamba mwaka 1983 ilipatikana shayiri iliyolimwa na Wahindi Wekundu wa kale, yaani wenyeji wa Amerika, huko Arizona, jambo ambalo wapinzani hawakulitarajia. Hilo la shayiri ni kweli, na waliokuwa wanadhihaki walistahili kunyamaza. Ila shayiri hiyo ni mmea asilia wa Amerika. Haikutoka Yerusalemu kwa chombo.

Hoja yao iliyo na nguvu kuliko zote iko upande wetu huu wa Bahari ya Hindi. Kitabu kinasema msafara wa Lehi ulipita mahali paitwapo Nahom, na hapo mzee mmoja akazikwa. Huko Yemen, katika hekalu la kale karibu na Marib, wanaakiolojia wa Ujerumani walifukua madhabahu yenye konsonanti N-H-M, jina la kabila, na umri wake unakaribiana na zama za Lehi. Kutoka hapo, kitabu kinasema, waligeuka mashariki hadi pwani yenye matunda na asali, na watetezi wanaonyesha ghuba ndogo za Dhofar, Oman, ambako mvua za kusi hugeuza vilima kuwa kijani. Baadhi yenu mna shangazi na wajomba Oman. Waulizeni habari za Salalah wakati wa khareef, msimu wa mvua hizo, watawaambia ni nchi nyingine kabisa na ile jangwa ya kaskazini. Kwa hiyo silidharau jambo hili. Kama mtu anataka ushahidi, hapa pana kitu cha kujadili.

Lakini tujadili kwa makini. Jina la kabila hilo lilikuwa limekwisha chorwa kwenye ramani ya Arabuni ya Carsten Niebuhr, msafiri wa karne ya 18, kabla Joseph Smith hajazaliwa. Ikiwa aliwahi kuiona ramani hiyo au la, hilo linabishaniwa. Tena, hata tukiwapa pointi zote za Yemen na Oman, bado tuko ufukweni mwa Arabuni. Miaka elfu moja ya Wanefi ilipita Amerika. Madhabahu ya Marib haiwezi kutuonyesha mji hata mmoja ng'ambo ile.

Kuna methali mnaijua: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watetezi wengi wamekaa hapo. Ardhi ya Amerika ni kubwa, wanasema, iliyochimbwa ni kidogo, subirini. Nami ningesubiri, kama ardhi ile ingekuwa kimya. Ndugu zangu, ardhi ile si kimya! Imesema mengi sana. Imesema habari za watu wengine.

Twendeni kaskazini, Newfoundland, Kanada. Masimulizi ya Waskandinavia yalidai kwamba mabaharia wao walifika Amerika miaka elfu moja iliyopita. Wasomi wengi waliona ni ngano za wazee tu. Mwaka 1960 Mnorwei Helge Ingstad aliuliza wenyeji wa kijiji cha L'Anse aux Meadows kama wanajua magofu, wakampeleka kwenye matuta yaliyoota nyasi. Mkewe Anne Stine, mwanaakiolojia, akaongoza uchimbaji. Wakapata misingi ya nyumba, misumari ya chuma, mabaki ya kufua chuma, pini ya shaba, na gurudumu dogo la pia ya kusokotea nyuzi. Mwaka 2021 wanasayansi wakaonyesha kwa pete za miti kwamba mbao za pale zilikatwa kwa zana za chuma mwaka 1021. Si “mnamo”. Mwaka 1021 barabara! Na hao walikuwa kikundi kidogo, pengine hawakufika hata mia moja, na hawakukaa sana. Kikundi kidogo kiliacha kijipini, kikapatikana. Taifa lililokaa miaka elfu, lililofua panga na kupoteza watu 230,000 vitani, liliacha nini?

Twende kwenye damu. Sisi wa pwani tumelelewa na habari za Washirazi, za wana wa sultani waliotoka Uajemi wakafikia Kilwa. Wasomi wa kizazi cha walimu wangu waliona ni hadithi ya kujitafutia hadhi. Mwaka 2023 zikachapishwa chembe za urithi za watu 80 waliozikwa zamani katika miji kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Zikaonyesha mama zao wengi walikuwa Waafrika wa hapa hapa, na miongoni mwa baba zao wamo Waajemi, mchanganyiko ulioanza kama mwaka 1000. Hadithi ya wazee ilikuwa na kiini cha kweli, ingawa ilisahau kuwataja akina mama. Wageni wakija kwa chombo wakaoa, damu hukumbuka.

Na damu ya wenyeji wa Amerika inakumbuka nini? Inakumbuka Asia ya kaskazini mashariki, Siberia, watu walioingia zaidi ya miaka 15,000 iliyopita. Yerusalemu haionekani. Utangulizi wa Kitabu cha Mormoni wa 1981 ulisema Walamani ni wahenga wakuu wa Wahindi wa Amerika. Mwaka 2006 maneno yakaanza kubadilishwa, yakawa “miongoni mwa wahenga”. Watetezi wanaeleza kwamba chembe za kikundi kidogo zinaweza kupotea ndani ya umma mkubwa. Kibaiolojia hilo linawezekana. Lakini angalieni kilichotokea: kila kipimo kinapokuja, taifa la Wanefi linazidi kupungua, eneo linazidi kubana, mpaka limekuwa dogo kiasi kwamba hakuna kipimo kinachoweza kuligusa. Ndugu muumini, unaponiambia nisubiri ushahidi, niambie pia ni kitu gani, kikipatikana au kikikosekana, kitakufanya ukubali kwamba hawakuwapo. Ferguson alitaja chake. Wewe taja chako.

Nafika kwenye jambo linalonigusa zaidi, na hapa nitakaa kidogo.

Wazungu walipoenea Marekani walikuta vilima vilivyojengwa na watu, maelfu kwa maelfu. Kile kikubwa cha Cahokia, karibu na St. Louis, kina kimo cha mita 30. Nani alijenga? Wahindi walikuwapo mbele ya macho yao. Lakini walowezi walikataa kuamini kwamba “washenzi” wangeweza. Wakabuni taifa lililopotea, lenye ustaarabu, pengine jeupe, lililoangamizwa na Wahindi. Hadithi hiyo ilikuwa midomoni mwa watu wa New York Joseph Smith alipokuwa anakua. Mwaka 1830, mwaka ule ule kitabu kilipotoka, Rais Andrew Jackson alitia saini sheria ya kuwahamisha Wahindi. Desemba akaliambia bunge kwamba makaburi na ngome za magharibi ni kumbukumbu ya taifa lililokuwa na nguvu, likatoweka kupisha makabila ya washenzi waliopo. Mmeielewa hoja yake? Kama Wahindi nao waliwaondoa wengine, kuna ubaya gani sisi tukiwaondoa wao?

Haki inanidai niseme kwamba Kitabu cha Mormoni kinawaahidi wazao wa Walamani baraka kubwa, jambo ambalo Jackson hakuwaahidi. Lakini humo humo imo laana ya ngozi nyeusi juu ya Walamani, na sisi Waafrika tunajua kanisa lilitunyima ukuhani mpaka Juni 1978. Mwaka 1894 Cyrus Thomas wa taasisi ya utafiti ya Smithsonian akafunga mjadala wa vilima: vilijengwa na mababu wa Wahindi wenyewe. Taifa lililopotea halikuwahi kuwapo.

Nani kati yenu hajaisikia hadithi hii kwa jina jingine? Mwaka 1871 Karl Mauch alifika Zimbabwe Kuu, akaona kuta zile za mawe, akasema ni kazi inayomhusu Malkia wa Sheba. Wengine wakasema Wafoinike. Yeyote yule, mradi si Mshona. Richard Hall akapewa kuutunza mji ule, akafukua na kutupa tabaka za udongo zilizobeba historia, kwa sababu kwake zilikuwa takataka za Waafrika waliokuja baadaye. Mnasikia uchungu wake? Ushahidi ulitupwa na mtu aliyekuwa anatafuta ushahidi! Mwaka 1905 David Randall-MacIver alisema wajenzi ni Waafrika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akathibitisha. Serikali ya walowezi wa Rhodesia ikaendelea kuwabana waliosema hivyo, hadi mwanaakiolojia Peter Garlake akaondoka nchini mwaka 1970. Na ndani ya mji huo imepatikana sarafu ya Kilwa. Kilwa yetu! Watu wa bara na watu wa pwani walikuwa wakifanya biashara, wakati wenye vitabu huko mbali hawajaanza kubishana ni Mfoinike yupi aliyejenga.

Ndiyo maana swali la Wanefi si mchezo wa wasomi kwangu. Mwaka 1842 gazeti la kanisa, likiwa limesoma habari za msafiri John Lloyd Stephens, lilihusisha magofu ya Quirigua, Guatemala, na mji wa Zarahemla wa Wanefi. Quirigua ni mji wa Wamaya. Wakati ule maandishi yao hayakuwa yakisomeka, kwa hiyo kila mtu aliyavika jina alilotaka. Leo yanasomeka. Mrusi Yuri Knorozov alifungua mlango mwaka 1952, Tatiana Proskouriakoff akaonyesha mwaka 1960 kwamba mawe yale yanasimulia maisha ya wafalme, na waliofuata wakamalizia sehemu kubwa. Tunajua wafalme wa Quirigua kwa majina, vita vyao kwa tarehe. Na Wamaya hawajatoweka. Wapo mamilioni, Guatemala na Mexico, wanazungumza lugha zao. Mji ule una wenyewe.

Najua kuna Mkristo hapa anatabasamu, na Mwislamu pembeni yake. Msitabasamu haraka. Kipimo ni hiki hiki kwa wote. Yerusalemu ipo, jiwe la Tel Dan lililopatikana mwaka 1993 linataja nyumba ya Daudi, sawa. Lakini umati wa kutoka Misri, waliokaa jangwani miaka 40, Sinai haijatuonyesha athari zao. Anayemwambia Mmormoni “lete ushahidi” awe tayari kuulizwa vilevile.

Kwenu waumini nina ombi moja, na nitalitoa kupitia mtu wa kwenu. James Talmage alikuwa mwanajiolojia Mmormoni. Katika jimbo la Michigan yalikuwa yanafukuliwa mabamba ya shaba na ya mawe, yenye michoro ya Biblia na herufi za ajabu, kana kwamba watu wa Mashariki ya Kati waliishi Amerika zamani. Zawadi gani kubwa kuliko hiyo kwa kanisa lake? Mwaka 1909 alikwenda mwenyewe, akasimama shimoni, akayapima yale mabamba, akaona ni ya kughushi. Mwaka 1911 akachapisha matokeo hayo wazi, na mwishoni mwa mwaka huo huo kanisa likamfanya mtume. Hakuhitaji ushahidi wa uongo ili aamini, na hakutaka ndugu zake waulalie. Kwa hiyo, vijana wenu wanapopiga hodi nyumbani kwa mtu Tandika au Temeke, wakamwonyesha picha za piramidi za Wamaya wakisema hii ndiyo miji ya Wanefi, nawaomba ninyi ndio muwe wa kwanza kuwaambia waache. Mwambieni mwenye nyumba kwamba mnaamini kwa sababu mmesali na mmejibiwa. Hilo mimi sina jembe la kulichimba. Piramidi waachieni Wamaya.

Nimemaliza sehemu yangu. Kipaza sauti kiende kwanza kwa ndugu zetu wa kanisa lenyewe, kisha wengine.